Mkung'uto wa Tatu

Mama Mdogo hana undugu wa damu na mimi, na ukitaka kumwona amenuna, mkumbushe jambo hilo. Alinichukua nikiwa na miaka kumi na miwili, akanilaza naye kitanda kimoja kwa sababu kitanda chenyewe kilikuwa kimoja, akanifundisha kupiga pasi kola kabla ya mikono na mikono kabla ya mgongo, akanilisha mpaka nikampita kimo. Kazini wanamwita Mama Pasi. Ana miaka thelathini kwenye ufuaji wa hospitali kuu, kumi na mmoja ya mwisho akiwa msimamizi. Hata ugenini akiona shuka limekunjwa ovyo, hulikunjua akalikunja upya huku mwenye nyumba anamtazama. Nimeshaona haya kwenye nyumba za watu mpaka nimezoea.

Mimi nafanya kazi kwenye duka la fotokopi, mkabala na geti la hospitali hiyo hiyo. Mtaani wananiita Fotokopi, kwanza kwa sababu ya kazi, pili kwa sababu nimefanana na marehemu mama yangu kupita kiasi. Wanaomkumbuka mama hunitupia jicho mara moja, kisha hutazama pembeni. Siwalaumu.

Mama naye alikuwa dobi hospitalini. Alikufa siku mtungi wa mvuke ulipopasuka kwenye jengo la zamani la kufulia, yeye na watu wengine wawili: fundi aliyekuwa akiutunza mtungi, na msichana aliyepokea nguo chafu za wodini. Mtungi ule una koki ya usalama. Mvuke ukizidi, koki inajifungua yenyewe na mtungi unapumua. Siku ile koki ilikuwa imefungwa kwa waya ili isijifungue, na waya huo ulikutwa mkononi mwa mama. Waliochunguza walihitaji shahidi mmoja tu, naye alikuwepo. Mama Mdogo alitia sahihi kwamba alimwona mwenzake akiifunga koki ili mvuke usipotee na kazi iishe mapema.

Kwa hiyo nimekua nikiwa mtoto wa mwanamke aliyeua watu wawili kwa haraka zake. Jina lake sikulitaja shuleni, na nikiulizwa mama yuko wapi nilisema alifariki kwa ugonjwa. Mama Mdogo nilimpenda zaidi kwa ajili ya ile sahihi. Nilimwona mtu mkweli kweli kweli, aliyesema kweli hata juu ya rafiki yake wa kufa na kuzikana, kisha akamlea mtoto wa rafiki huyo bila kumsimanga hata siku moja. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani nasimulia habari za muziki peke yake, ingawa muziki ndio ulioanza.

Kuna mwimbaji anaitwa Bubu. Hilo ni jina lake la jukwaani, na analistahili, maana akihojiwa redioni anayechoka ni mtangazaji. Anatunga mwenyewe, anapiga gita mwenyewe, na albamu yake ya kwanza inaitwa Zamu. Nyimbo nane, gita moja, sauti moja nzito yenye mikwaruzo. Kila wimbo ni mtu mmoja akiwa kazini. Kuna mwanamke anayefagia soko kabla halijafunguliwa, ambaye kwa takataka tu anajua nani alikula nini jana na nani hakula. Kuna dereva wa gari la wagonjwa anayezima king'ora katikati ya safari kwa kuwa haraka haipo tena. Kuna bomba la maji lililozinduliwa mara tatu, mara zote tatu kwa utepe, hakuna hata mara moja kwa maji.

Nilikuwa nimeshachoka na wanamuziki wanaoimba juu ya wanyonge huku wanafoka utadhani wanyonge ni viziwi. Bubu hafoki. Anauliza vitu vidogo, umelala saa ngapi, nani anakupokea mzigo, na wewe unayesikiliza unajikuta umekaa wima kwenye kiti. Niliisikiliza albamu ile wiki nzima dukani, mpaka wateja wakaanza kuniuliza nimefiwa na nani.

Wimbo wa sita unaitwa Kiti cha Mlinzi. Mlinzi amekufa, kiti chake kimebaki getini, na kila mlinzi mpya akija asubuhi anakikuta kina joto. Kiitikio ni swali moja tu: zamu yako imekwisha, mbona hujatoka? Nyuma ya gita, wimbo mzima, kuna mlio mkavu. Paa. Paa. Kisha kimya, kirefu kidogo kuliko unavyotegemea, halafu paa ya tatu. Mimi nilidhani ni ngoma, na nilikipenda sana kile kimya, maana kilikufanya ushike pumzi.

Jumapili moja saa nane mchana, jua likiwa limeingia mpaka katikati ya chumba chetu, niliitumbukiza simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ivume, nikamwekea Mama Mdogo albamu hiyo wakati anapiga pasi. Mwanzoni alitania tu. Aliuliza huyu kijana anaimba au anaungama. Kufikia wimbo wa mfagiaji alikuwa ameacha utani, na wa dereva ulipoisha alijifuta macho kwa upindo wa gauni, akaniambia kwamba huyu mtu hakusimuliwa, huyu alikwenda akakaa nao. Nilifurahi sana. Mtu ukipenda kitu, unataka unayempenda naye akipende.

Ukaingia wimbo wa sita. Paa. Paa. Mama Mdogo aliilaza pasi palepale ilipokuwa, juu ya blauzi yangu. Akanyanyuka. Akainua mikono mpaka kifuani, vidole gumba vikiwa ndani, kama mtu aliyeshika pembe mbili za kitambaa. Akangoja. Ya tatu ilipolia, alitembea hatua sita mpaka ukutani, mikono imenyooshwa, akakabidhi pembe zile za kitambaa kisichokuwepo kwa mtu asiyekuwepo, kisha akainama kuokota mkunjo. Hakuyumba wala hakusitasita. Alifanya kama mtu anavyopiga mswaki.

Harufu ya kuungua ndiyo iliyomrudisha. Katika miaka yote ya kuishi naye sikuwahi kumwona ameunguza nguo. Nilimuuliza kulikoni, akasema mguu ulikuwa umekufa ganzi, alikuwa anaunyoosha. Akaikwangua blauzi kwa kisu, huku jasho linamtoka juu ya mdomo, na hakunitazama.

Sikuhitaji kuelezwa. Utotoni, nikitoka shule, nilikuwa nasimama kwenye mlango wa ufuaji kumngoja mama. Mashuka ya hospitali ni makubwa, hayakunjwi na mtu mmoja, kwa hiyo kila dobi alikuwa na mwenzake, na mwenzako waliitwa pacha wako. Pacha wanashika pembe mbili mbili, wanalikung'uta shuka mara tatu kulinyoosha, halafu wa dirishani anamwendea wa ukutani na kumkabidhi. Pembe haiachiwi mpaka mikono igusane. Shuka likigusa sakafu linarudi kufuliwa, na wewe unasemwa wiki nzima. Kila pacha walikuwa na mlio wao. Mkuu wa kitengo aliweza kukaa ameupa ukumbi mgongo na bado akajua nani wanazembea. Pacha wa Mama Mdogo alikuwa mama. Mama alivunjika bega la kushoto akiwa na mimba yangu, likaunga vibaya, na mkung'uto wake wa tatu ulichelewa siku zote. Mama Mdogo alijifunza kumngoja.

Nilirudi kwenye sufuria nikauzima wimbo. Nilijiambia kwamba milio inafanana, kwamba hata mlango unaobamizwa unaweza kuchelewa. Mtu akiogopa hupata akili nyingi sana.

Kuanzia siku hiyo Mama Mdogo aliutaka wimbo ule kila arudipo kazini. Nyimbo nyingine saba hakuzitaka tena. Alikaa kitandani, mikono ameikalia ili isinyanyuke, akausikiliza mara nne, mara tano. Jirani yetu, fundi viatu anayeketi uani na kazi zake, alimuuliza kama amemwangukia huyo kijana wa gita, amsaidie kuandika barua. Siku nyingine angejibiwa jibu la kulala nalo. Safari hii Mama Mdogo alimpita tu. Akaanza kula nusu sahani, kisha vijiko viwili. Nikimkuta amesinzia, midomo yake ilikuwa inahesabu: moja, mbili, halafu kimya.

Wiki ya tatu, Bubu aliingia dukani kwangu.

Alikuwa mrefu, shati limepauka, na karatasi mkononi za onyesho lake. Alitaka nakala mia mbili. Nilimwambia albamu yake naijua kuliko ninavyoijua mashine yangu, akatabasamu na kutazama viatu. Mashine ikiwa inafanya kazi nilimuuliza ngoma ya wimbo wa sita alipiga nani. Akauliza kama na mimi naisikia kama ngoma.

Nilimtoa maneno kidogo kidogo. Alisema albamu yote aliirekodi mchana, siku tatu, kwenye jengo kuukuu lililoachwa nyuma ya hospitali, kwa sababu alipenda jinsi sauti inavyorudi mle ndani. Alikuwa yeye, gita, na fundi mitambo. Ngoma hawakuwa nayo. Mlio ule haukusikika wakati wa kurekodi, waliukuta baadaye, kwenye wimbo mmoja tu. Walidhani ni bati la paa. Fundi akauondoa.

"Tulipouondoa, wimbo ukaanguka," Bubu alisema. "Gita likawa linapotea, halijui pa kukanyaga. Nilikuwa nimepiga wimbo mzima nikiufuata ule mlio, na sikuwa nimeusikia."

Waliurudisha, wakauacha hivyo. Aliniuliza jengo lile lilikuwa la nini. Nilimwambia la kufulia, na kwamba walikufa watu watatu humo, na mmoja ni mama yangu. Kuhusu waya sikumwambia. Alizipanga nakala zake polepole, akazigonga mezani ili kingo zilingane, na alipofika mlangoni aligeuka.

"Kila nikimaliza ubeti," alisema, "nilihisi kuna mtu amesimama mbele yangu, anangoja nimpe kitu. Sikujua ni nini, nikaendelea kuimba."

Nilifunga duka mapema. Niliwahi nyumbani nikamkuta Mama Mdogo uani anaanika mashuka yetu, manne, kwenye kamba mbili. Jua lilikuwa kali na hewa imesimama, hata moshi wa jirani ulipanda juu bila kupinda. Nilimsimulia yote, neno kwa neno. Alinisikiliza huku amebana vibanio viwili kwa meno. Nilipofika pale Bubu aliposema kuna mtu alikuwa anangoja, shuka la mwisho, lile la pembeni kabisa, lilikung'utika. Paa. Mengine matatu yalikuwa yananing'inia yametulia. Likakung'utika tena. Paa. Likashuka, likakaa kimya.

Fundi viatu aliinua kichwa na nyundo yake, akatazama shuka, akatazama mbingu. Aliuliza huu ni upepo gani unaochagua shuka moja. Vibanio vilimdondoka Mama Mdogo mdomoni, akanyanyua mikono yake mpaka kifuani, na ndipo shuka lilipolia mara ya tatu.

Alisema Jumapili twende kwenye jengo la zamani. Nilimwambia sitaki. Akasema hata yeye hataki.

Mlinzi wa upande ule wa hospitali alimfahamu, akatufungulia kufuli na kututania kwamba kama tumekuja kufua tumechelewa miaka mingi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Ukumbi ulikuwa mrefu, madirisha hayana vioo, mwanga umejaa kila mahali, na pengine ndiyo maana niliogopa zaidi, kwa kuwa hakukuwa na pa kusingizia macho. Reli za kuning'inizia nguo zilikuwa zimeota kutu. Mwisho kabisa, ukuta wa chumba cha mtungi ulikuwa haupo, pamebaki tundu la kupitisha gari. Karibu na mlango niliona alama za miguu ya kiti cha Bubu, na nyayo zake na za fundi wake, zote ziliishia hapohapo mlangoni.

Vumbi lilikuwa limelala sakafu nzima, nene, miaka kumi na mmoja. Lakini katikati ya ukumbi, kutoka dirisha la tatu mpaka ukutani, palikuwa na ukanda uliosafishika, upana wa mtu mmoja na urefu wa hatua sita. Saruji yake ilikuwa inang'aa, kama panavyong'aa mahali panapokanyagwa kila siku. Vumbi la pembeni halikuwa na hata unyayo mmoja wa kwenda hapo.

Mama Mdogo alitoa shuka kwenye mkoba. Aliniambia nisimame ukutani, pale alipokuwa anasimama mama yangu, nishike pembe, nisiache hata nikisikia nini. Yeye akaenda dirishani. Nilimwona jinsi alivyozeeka ndani ya wiki tatu, shingo yake imekuwa nyembamba ndani ya kola. Tukalinyoosha shuka. Tukakung'uta, paa, na ukumbi ukaurudisha mlio. Tukakung'uta tena, paa.

Mabega yangu ni mazima. Nabeba maboksi ya karatasi kutwa. Ila nilipotaka kuinua mkono wa kushoto mara ya tatu, haukuinuka. Haukuuma, wala hakuna aliyenigusa. Ulikuwa mzito tu, wa mtu mwingine, ukachukua muda wake, ukainuka ulipokuwa tayari. Paa.

Mama Mdogo alikuwa amefumba macho. Alipaswa kunijia na pembe zake. Hakuja. Alisimama palepale dirishani, shuka limenyooka kati yetu, akaanza kusema, na hakuwa akisema na mimi.

"Waya niliufunga mimi. Mkuu alisema mvuke unapotea, mashuka ya upasuaji hayajakauka, ataiandikia barua ya onyo zamu nzima. Nikapanda, nikaifunga koki. Nikarudi nikashika shuka na wewe, nikakwambia, tena kwa kujisifu. Tukakung'uta mara mbili. Ya tatu ukachelewa, nikadhani ni bega."

Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa kazini.

"Ukaniletea pembe zako. Ukaniambia, shika zote, nakuja. Ukakimbilia kule."

Nilimuuliza, na sauti iliyotoka kinywani mwangu sikuitambua vizuri. "Alikwenda kuufungua?"

Akafumbua macho, akaniona mimi. "Alikuwa ameshaufungua, mwanangu. Ndiyo maana ulikuwa mkononi mwake. Alichelewa kidogo tu."

Yaliyobaki aliyasema kwa mkato. Baada ya mlipuko walimkuta nje, amesimama kwenye majani, ameshika shuka safi kwa pembe zote nne. Jioni mkuu wa kitengo alimletea karatasi ambayo ilikuwa imeshaandikwa. Alimwambia maiti hapelekwi jela. Alimwambia pia, wewe ukienda ndani, yule mtoto atalelewa na nani?

Hapo nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. Nilimwambia asinitie mimi humo. Nilimwambia nilikuwa na mama mmoja na yeye alinifundisha kumwonea aibu, miaka kumi na mmoja, kwa mapishi mazuri na nguo zilizonyooshwa vizuri. Nilimwambia mengine ambayo siyaandiki. Nilitoka nikamwacha na shuka lake, nikakaa nje karibu na mlinzi, ambaye alitazama uso wangu na kwa mara ya kwanza hakutania. Kutoka ndani hatukusikia chochote. Baada ya muda mrefu Mama Mdogo alitoka peke yake, mkoba mtupu. Sikumuuliza shuka liko wapi.

Jumatatu asubuhi alikuja dukani amevaa sare yake, imepigwa pasi mpaka inakwaruza. Alisimama kwenye foleni kama mteja, nyuma ya mwanafunzi mmoja na mzee wa vyeti vya kuzaliwa. Zamu yake ilipofika alisema anataka kuchapiwa maelezo. Nikachapa. Alisoma kutoka kichwani, tarehe, saa, koki, waya, jina la mkuu wa kitengo, jina la mama yangu. Jina la mama lilikuwa halijapita chini ya vidole vyangu siku nyingi, nikalikosea herufi, nikalifuta, nikaliandika vizuri. Alitia sahihi ile ile aliyotia mara ya kwanza. Akaomba nakala nne.

Moja aliipeleka ofisi ya hospitali pamoja na funguo za ufuaji, na hajaambiwa bado kama atashtakiwa. Moja aliipeleka kwa ndugu za yule msichana, wakamfungia mlango. Ya tatu kwa mjane wa fundi wa mtungi, ambaye aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi, kisha akauliza kama kuna mtu ameshamwambia mtoto wa marehemu. Mama Mdogo akamjibu kwamba mtoto ndiye aliyechapa. Ya nne alinipa mimi.

Wanaotaka mambo yaishe kwa utaratibu huniuliza kama mlio ule umetoweka kwenye wimbo. Haujatoweka. Albamu inauzwa, watu wanaipenda, na wimbo wa sita ndio unaopigwa zaidi redioni. Nikiusikia kwenye duka la mtu, natoka nje nikangoja uishe. Ni wimbo mzuri kuliko nyimbo zote ninazozijua, na hilo sitalikana.

Kuna jambo moja sijalisema, kwa sababu linaniuma kuliko mengine yote. Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, kila siku, kabla hatujala chakula cha jioni, nilikuwa naomba kwa sauti. Nilimwomba Mungu amsamehe mama yangu kwa watu wawili aliowaua. Hakuna aliyenifundisha ombi hilo, nililitunga mwenyewe na sikuliacha hata nilipokuwa mgonjwa. Na kila siku, kando yangu, Mama Mdogo aliitikia amina.

Jumatatu ile jioni tuliketi kama kawaida, kwa kuwa hatukuwa na chumba kingine cha kuketi. Alipakua. Nikafumba macho kwa mazoea, mdomo ukafunguka, na maneno niliyoyazoea hayakuwa na wa kumwombea. Nilikaa hivyo mpaka chakula kikapoa. Nilimsikia Mama Mdogo anapumua. Mwishowe nikasema, "Mama, nisamehe mimi."

Kando yangu alivuta pumzi aitikie, kama alivyoitikia siku zote. Safari hii hakuitikia.